Mkono uliovunjika Paje: kisa cha droni ya bei nafuu na wapinzani walioondoka sokoni

Mkono wa droni yetu ulivunjika Paje, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, asubuhi moja ya mwezi wa Agosti, upepo wa kusi umeshika kasi. Haikuanguka kutoka juu. Ilikuwa inashuka, ikagusa kuti la mnazi, ikapinduka na kupigiza mkono wa mbele kwenye ukuta wa mawe. Mkono ni kile kipande cha plastiki kinachobeba mota na pangaboi. Ni mwembamba kuliko kidole changu cha shahada, na ndani yake zinapita nyaya tatu nyembamba kwenda kwenye mota. Ulikatika pale penye bawaba, unapokunjwa. Nyaya zilikuwa nzima, kamera nzima, mota ikizungushwa kwa kidole inazunguka bila kukwaruza. Mwenzangu aliiokota, akaipuliza mchanga, akasema, "Yakhe, si kitu. Mkono tu."

Ule "mkono tu" ulitukalisha wiki saba.

Nimeamua kukiandika kisa hiki chote kwa sababu watu wananiuliza kila siku wanunue droni gani, na jibu ninalotoa sasa si lile nililokuwa nikitoa kabla ya Agosti ile. Nilikuwa naangalia kamera, dakika za kuruka na bei. Siku hizi nauliza kwanza fundi ana nini kwenye droo yake.

Tulinunua nini

Sisi ni vijana wanne, wawili wa Jambiani, mmoja wa Paje, na mimi wa Mjini. Kazi yetu ni video: wachezaji wa tiara za baharini, yaani kaiti kama wanavyosema Paje, harusi za wageni ufukweni, hoteli ndogo zinazotaka picha ya juu ya bwawa na bahari kwa pamoja. Mara moja moja hupiga mashamba ya mwani maji yanapokupwa, na hiyo ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, ingawa hailipi.

Tulikuwa na droni moja, Mini 2 ya DJI, ile kampuni kubwa ya droni ya China, tuliyoinunua ikiwa imeshatumika. Tulitaka ya pili ili moja ikiwa kwenye chaji nyengine iwe juu. Tukacheza upatu, zilipotimia pesa tukakaa kuchagua. Mezani zilibaki mbili. Moja ni DJI ya bei ya chini. Ya pili ni ya kampuni ndogo inayoshindana nayo, ambayo jina lake halina haja hapa: uzito ule ule wa chini ya robo kilo, kamera nzuri, betri tatu ndani ya boksi, begi, na bei pungufu. Wenzangu watatu walikuwa wanasitasita. Mimi ndiye niliyeshikilia tuchukue ya mpinzani.

Nilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni hesabu ya kawaida ya mnunuzi: vitu vingi zaidi kwa pesa ndogo zaidi. Ya pili ni imani yangu, na bado ninayo. Sipendi kampuni moja ishike anga zima la watu wa kawaida. Mshindani akipata wateja ataishi, na akiishi bei itakaa chini kwa wote.

Droni yenyewe haikutuangusha. Kwa miezi mitano iliruka vizuri, rangi za alfajiri ilizitoa laini kuliko ile Mini yetu, na kwenye upepo ilijikaza. Nalisema hili wazi kwa sababu kisa hiki kikisomwa haraka kitaonekana ni kisa cha kitu kibovu cha bei rahisi. Sivyo hata kidogo.

Wale wa kati walikwenda wapi

Kwa nini mezani petu palikuwa na jitu moja na wadogo tu? Miaka kumi iliyopita mtu angeweza kuchagua kati ya makampuni makubwa manne au matano.

Parrot ya Ufaransa ndiyo iliyowaonyesha watu kwamba droni inaweza kurushwa kwa simu, ilipotoa AR.Drone mwaka 2010. Marekani kulikuwa na 3D Robotics, iliyotoa Solo mwaka 2015 kwa dola 1,000 hivi bila ya gimbali, kile kishikio kinachotuliza kamera. Kulikuwa na GoPro, kampuni ambayo kila mtelezi wa mawimbi alikuwa na kamera yake kifuani. Upande wa pili kulikuwa na DJI ya Shenzhen, iliyoanzishwa 2006 na Frank Wang, ambayo droni yake ya Phantom ya mwaka 2013 ilikuja tayari kuruka, bila mtu kukaa na bisibisi.

Mwaka 2015 na 2016 DJI ikaanza kushusha bei za Phantom huku Solo zikiwa bado madukani na gimbali zake zimechelewa. Ndani ya 2016 hiyo hiyo 3D Robotics ikaacha kutengeneza droni za watu wa kawaida na kuhamia kwenye programu za makampuni. Tarehe 19 Septemba 2016 GoPro ikatangaza Karma, dola 799 bila kamera, dola 1,099 pamoja na kamera. Siku nane baadaye DJI ikatangaza Mavic Pro kwa dola 999, kamera ndani, inakunjwa na kuingia mfukoni mwa koti. Mnamo tarehe 8 Novemba GoPro ililazimika kuzirudisha Karma zote zilizouzwa, kiasi cha 2,500, kwa sababu baadhi zilikuwa zinazima hewani. Ikarudi sokoni Februari 2017, na Januari 2018 ikatangaza kuachana na droni kabisa. Parrot nayo Januari 2017 ilitangaza kupunguza wafanyakazi 290 wa upande wa droni, ikieleza kuwa faida ya droni za kawaida haitoshi.

Hapo utaona jambo moja. Hakuna aliyeondoka kwa sababu wateja wamekwisha. Wateja walikuwa wanaongezeka. Kilichokwisha ni nafasi kwenye ngazi ya bei. DJI ilitoa Spark kwa dola 499 Mei 2017, Mavic Air kwa dola 799 Januari 2018, na mwezi ule ule ikatoka Tello ya dola 99, yenye jina la kampuni ya Ryze lakini ufundi wake wa kuruka ni wa DJI. Kila daraja la ngazi ukikanyaga unamkuta mwenyeji, na mwenyeji ni yule yule.

Hapa kwetu tumeyaona mabadiliko haya bila kuyapa jina. Mradi wa kupiga ramani Unguja na Pemba, Zanzibar Mapping Initiative, ulioanza 2016 kwa Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) pamoja na Benki ya Dunia, ulitumia eBee, ndege ndogo za bawa za senseFly ya Uswisi. senseFly ilikuwa mali ya Parrot tokea 2012. Mwaka 2021 Parrot ikaiuza kwa AgEagle ya Marekani. Na mwishoni mwa 2019, pale mashamba ya mpunga ya Cheju yaliponyunyiziwa dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu wa malaria, droni zilizobeba dawa zilikuwa Agras za DJI. Najua ramani na kunyunyiza ni kazi mbili tofauti, kwa hivyo sitaki kuukaza mfano huu kupita kiasi. Lakini vijana wa SUZA waliojifunza kurusha kwa mabawa ya Uswisi, leo wakitaka droni yao wenyewe ya kuanzia maisha, karibu wote wananunua ya Shenzhen.

Robo kasoro gramu moja

Muuza duka wa Jambiani akikupimia robo ya sukari, mkononi unapata uzito wa droni iliyobadilisha biashara hii. Tarehe 30 Oktoba 2019 DJI ilitoa Mavic Mini: gramu 249, dola 399. Ile gramu moja iliyopungua haikuwa bahati. Marekani tokea Disemba 2015 ilitaka droni zianzie kusajiliwa kwenye gramu 250. Kwa Japani, ambako mpaka wa wakati ule ulikuwa gramu 200, walitengeneza yenye gramu 199, betri yake imepunguzwa. Kampuni iliyosoma sheria za nchi mpaka ikatengeneza chombo cha kupita chini ya mlango wake haikuwa inacheza. (Kwetu uzito mdogo hausamehewi hivyo. Vibali viko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na anayekuja na droni Unguja aulizie kibali kabla hajapanda ndege.)

Mini ya kwanza ilivumilia upepo wa mita 8 kwa sekunde. Kwa kusi ya Paje hiyo haitoshi. Mini 2 ya Novemba 2020 ikafika mita 10.5, na ndipo wapigapicha wa pwani ya mashariki walipoanza kuichukua kama chombo cha kazi.

Ufundi mkubwa wa kibiashara, kwa maoni yangu, umekaa kwenye yaliyofuata, na watu wengi wanaupita. Mwaka 2021 DJI ilitoa Mini SE kwa dola 299. Ndani yake mlikuwa na nini? Umbo la Mini 2, pamoja na kamera na mawasiliano ya Mavic Mini ya 2019. Mwaka 2023 ikaja Mini 2 SE, na 2024 Mini 4K, tena dola 299, zote kwenye umbo lile lile. Kalibu za kumimina plastiki zilishalipwa. Mota zilishachorwa, mashine za kuziunga zilishafungwa, makosa ya programu yalishasahihishwa kwa jasho la wateja wa mwanzo. Mpinzani anayekuja na droni mpya ya bei ya chini lazima aweke kwenye bei hiyo kalibu yake, wahandisi wake, na droni zitakazorudishwa zikiwa na kasoro. Kwa hivyo kitu chake kipya kinapambana na kitu cha zamani cha mwenziwe, ambacho kila kinachouzwa sasa ni kama faida tupu. Autel ilijaribu gramu zile zile 249 kwa Evo Nano ya dola 649, yenye sifa za kweli, na bado ilikuwa inamwomba mnunuzi wa mara ya kwanza alipe zaidi ya mara mbili ya Mini SE.

Waliobaki walikwenda njia mbalimbali. Wako waliopanda juu: Skydio ya Marekani iliacha kuuza kwa watu wa kawaida Agosti 2023 na kubaki na majeshi, polisi na makampuni, na Parrot nayo ikageukia serikali. Huko juu siasa inawasaidia, maana Marekani iliiwekea DJI vikwazo vya kununua teknolojia ya Kimarekani tokea Disemba 2020. Wako waliobaki chini kabisa na kupigana kwa bei na betri nyingi ndani ya boksi, akina Potensic, Holy Stone na Hubsan.

Na wako waliopita pembeni. Hawa ndio ninaowapigia mfano kila nikizungumza na vijana. Zero Zero Robotics mwaka 2023 ilitoa HoverAir X1, gramu 125, mapangaboi yamo ndani ya vizimba, haina haja ya rimoti, unaiweka kiganjani inaruka, inakupiga picha, inarudi kiganjani. Haikusema "mimi ni Mini kwa bei rahisi". Ilimtafuta mtu ambaye hataki kuwa rubani. Septemba 2024 DJI ikatoa Neo, gramu 135, dola 199, inarukia kiganjani. Safari hiyo mkubwa ndiye aliyemfuata mdogo. Alimfuata kwa bei ya kuumiza, kweli, lakini alimfuata. Mwaka 2025 Insta360 nayo ikaingia, kwa jina la Antigravity, na droni ya gramu 249 inayopiga pande zote kwa mara moja. Hao pia hawakuja kugombana kwa dola 299.

Droo ya Mlandege

Sasa turudi kwenye mkono wetu. Siku ya pili niliupeleka kwa fundi wa Mlandege anayetengeneza simu na, miaka hii ya karibuni, droni.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Lete nione."

Akaigeuza, akaufunua mkono, akatazama nyaya kwa taa ya kichwani. Akatikisa kichwa kwa huruma. "Hii sina. Ya Mini ninayo." Akavuta droo ya chini, akatoa mfuko wa nailoni umejaa mikono, miguu, vioo vya kamera na mapangaboi, vyote vya Mini. Vingine bado vina chumvi nyeupe kwenye skrubu. Nikamuuliza anaviagiza wapi.

"Siagizi. Zikiingia baharini watu wananiletea nizifufue. Zisizofufuka nazichinja spea. Sasa ya kwako, haijafa hata moja mjini hapa. Kiungo nikitoe wapi?"

Nilikaa nje ya duka lake muda mrefu baada ya maneno hayo. Miezi yote nilikuwa nalinganisha vioo na betri, na kumbe nguvu ya DJI Unguja imelala kwenye droo ile, katika droni zake zilizokufa. Kila Mini ya bei ya chini inayouzwa leo ni betri ya kuazima kwa jirani kesho, na kesho kutwa ni spea kwenye mfuko wa nailoni. Mpinzani anaweza kushinda kwa kamera na akashinda kwa bei, bado hana maiti mjini.

Nilipowaeleza wenzangu Jambiani, mmoja alinikumbusha harusi ya Juni: betri zetu za Mini zilikwisha jua linazama, tukaazima mbili kwa jamaa wa hoteli ya pili, kazi ikamalizika. Droni yetu mpya ilikuwa na betri tatu ndani ya boksi, na zilipokwisha hapakuwa na ya nne pwani nzima. Tatu zilionekana nyingi pale mezani tu.

Tuliufunga ule mkono gango kwa gundi na kipande cha chelewa. Ukashika. Tukairusha juu ya mchanga mtupu, mita tatu, nne. Ilielea, lakini picha ilitetemeka kama uji kwenye bakuli, na mimi nikakataa isirushwe tena. Chini kuna watoto na wakulima wa mwani. Tukakosa kazi mbili kwa kuwa na droni moja, na ya pili kati ya hizo ilichukuliwa na kijana tuliyemfundisha wenyewe, ana Mini 4K.

Hilo la kijana linahitaji neno. Droni ya dola 299 haikuwabana wapinzani wa DJI peke yao. Imetubana na sisi. Hoteli ambayo zamani ilituita mara nne kwa msimu sasa ina droni yake, anairusha mpokea wageni. Mgeni wa kaiti anakuja na Neo mfukoni. Simlaumu yeyote kati yao. Lakini yale makampuni yaliyotaka kuuza droni nzuri kwa bei ya kati, na sisi tuliotaka kuuza picha nzuri kwa bei ya kati, tumekutwa na kitu kimoja. Waliopona huko ni waliotafuta kazi ambayo ya chini haiwezi. Ndiyo sababu siku hizi nawashawishi wenzangu tujifunze kupima: ufukwe unaoliwa na bahari, mashamba ya mwani kabla na baada ya msimu, mipaka ya viwanja. Vijana wa SUZA wanajua, tuwaombe watufundishe.

Je, nilikosea kununua ya mpinzani? Nimelijadili hili na nafsi yangu kwa wiki saba. Kwa kikundi cha watu wanne chenye droni mbili, ndiyo, nilikosea. Tulipaswa kuchukua Mini 4K, kwa sababu betri zake zinaingia kwenye Mini 2 yetu, na upatu wetu ujao utakwenda huko. Nimekubali na nimepiga kura hivyo. Lakini kampuni ndogo haikukosea kutengeneza, na haikuhitaji kushusha bei zaidi ili ituweke. Ingetosha boksi moja la mikono, mapangaboi na betri kwa wakala wa Dar es Salaam, na namba ya simu inayopokewa. Mimi ningewaambia wote wa pwani ya mashariki.

Mkono ulifika mwisho wa Septemba, umebebwa na jamaa aliyekwenda Guangzhou kununua mizigo ya duka. Kule ulikuwa rahisi ajabu. Nilimwambia alete miwili. Mmoja fundi aliufunga mbele yangu kwa dakika arubaini, akazichomelea zile nyaya tatu moja moja, droni ikaruka nje ya duka hadi usawa wa dirisha na kutua. Wa pili nilimwachia. Akauandika jina la droni kwa kalamu ya wino mzito, akavuta droo ya chini, akauweka kando ya mfuko wa nailoni.